Mombasa kwenda Nairobi: ndege, treni au basi, kwa mizani ya upekuzi

Nyumbani kwetu safari ya Nairobi haianzii kwenye nauli. Huanzia kwenye swali la mamangu: "Na huko watanipekua vipi?" Amepita miaka sabini, huvaa buibui na nikabu, na kifuani, chini ya bega la kushoto, amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, ambacho sisi tunakiita betri ya moyo. Kila baada ya miezi kadhaa lazima aonane na daktari wake Nairobi. Mpwa wangu anasoma chuo kikuu huko huko, na kila akimaliza likizo huondoka Mombasa na mabegi mawili na vyakula vya kumtosha nusu muhula. Mimi nasafiri kwa biashara ndogo ya vifaa vya umeme, na mara nyingi lazima nishuke Voi au Mtito Andei kuonana na wateja kabla ya kuendelea.

Watu watatu wa nyumba moja, na kila mmoja ana chombo chake. Wageni wakituuliza kwa nini, huwajibu kwamba nauli na mwendo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko langoni: nani atakugusa, ataona nini, atachukua nini, utasimama muda gani, na baada ya hayo yote, kama kweli uko salama zaidi kuliko ulivyoingia. Bei za tiketi mtu anazipata kwa simu. Hii nusu ya pili watu huijua wakishasimama kwenye foleni, na wakati huo hakuna tena cha kuchagua.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa kwa nini abiria hukaguliwa. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002 gari lililobeba mabomu lililipuka kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala. Wakenya kumi na Waisraeli watatu waliuawa. Karibu wakati huo huo ndege ya shirika la Arkia, yenye abiria 261, ilikuwa ndiyo kwanza imepaa kutoka uwanja wa Moi kwenda Tel Aviv, na makombora mawili yaliyorushwa kutoka begani yakaikosa. Ilifika salama.

Nalifikiria tukio hilo kila ninapovua mkanda na kuuweka kwenye trei. Abiria wale walikuwa wamekaguliwa vizuri: mabegi, pasipoti, mifuko ya suruali. Kombora halikupita kwenye mashine ya mabegi. Lilitoka nje ya ua wa uwanja, kwa watu wasiokuwa na tiketi wala nia ya kusafiri. Siku ile chupa za maji za abiria zingepimwa hata mara kumi, kombora lingerushwa vile vile. Mkaazi wa jirani anayeona gari geni limeegeshwa penye vichaka na kupiga simu ndiye angeweza kubadili jambo.

Ndiyo maana mizani yangu ni hii: ukaguzi nauheshimu pale unapokaa kwenye hatari yenyewe, na pale unapomgusa mtu kwa kiasi cha hatari hiyo, usizidi. Tuvipime vyombo vitatu hivyo.

Uwanja wa ndege

Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz. Ukitoka kisiwani unavuka Makupa, unapita Changamwe, na kama malori ya bandari yameamua kuziba njia, unaomba dua. Ukaguzi wake ni wa tabaka. Gari huangaliwa kwenye lango la barabara. Mlangoni mwa jengo mabegi yote hupita kwenye mashine, nawe unapita kwenye fremu ya kutambua chuma. Ukishakabidhi mzigo mkubwa na kupewa kadi ya kupandia, unakaguliwa tena kabla ya chumba cha kusubiria. Safari yenyewe hewani haifiki saa moja. Ukijumlisha njia ya kwenda uwanjani, kuwahi mapema, foleni, kungoja mzigo na msongamano wa Nairobi, ni saa nne au tano kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa hospitali. Bado ni afadhali kuliko chombo kingine chochote, lakini si ule mruko wa dakika hamsini ambao watu huufikiria.

Inafaa kujua vyombo vya ukaguzi vinafanya nini, maana hofu nyingi huondoka hapo. Ile fremu hutengeneza uga wa sumaku. Chuma kikipita, uga hutikisika na taa huwaka. Haitoi mionzi ya eksirei, kwa hiyo mama mjamzito hana haja ya kuiogopa. Haioni plastiki, unga wala majimaji, ndiyo sababu bado kuna mkono wa askari baada yake. Tena hupangwa iite mara moja moja bila sababu yoyote, ili asiwepo mtu mwenye hakika kwamba atapita bila kuguswa. Mimi hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Kuchaguliwa na mashine isiyojua jina langu wala kuona ndevu zangu ni haki zaidi kuliko kuchaguliwa na macho yaliyokwisha kuamua nikiwa bado mbali.

Mashine ya mabegi ndiyo yenye eksirei, nayo hupaka picha rangi. Chuma huonekana buluu. Vitu vilivyotokana na mimea au wanyama, vyakula, nguo, karatasi, sabuni, huonekana rangi ya chungwa. Tatizo ni kwamba baruti nyingi nazo huangukia kwenye rangi hiyo hiyo ya chungwa. Sasa fikiria boksi la halwa ya Mombasa: zito, limeshikana, la chungwa iliyoiva kwenye kioo. Mkanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukaenda tena. Askari akaniita. "Hii nini, mzee?" Nikamwambia halwa. Akainua kifuniko, harufu ya iliki na samli ikamfikia, akakifunga taratibu kwa vidole viwili na kunisukumia boksi. Ilichukua nusu dakika. Tangu siku hiyo halwa naiweka juu kabisa ya begi, na naitaja kabla sijaulizwa.

Achari ni habari nyingine. Mwezi Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege zinazovuka bahari ya Atlantiki kwa mabomu ya majimaji yaliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Hapo ndipo lilipozaliwa sharti la mililita 100 ambalo safari za kimataifa zinalishika hadi leo, ingawa baadhi ya viwanja vya Uingereza vimeanza kuliacha baada ya kuleta mashine zinazopiga picha ya begi kwa pande zote. Ukienda nje ya nchi, chukulia kwamba kila kinachomwagika, kinachopakwa au kinachobonyea ni majimaji: achari ya embe, asali, mafuta ya nazi, marashi ya waridi, hata ukwaju uliokandwa. Mahali pake ni kwenye mzigo mkubwa, umefungwa vizuri. Pawabenki ni kinyume chake. Ile haitakiwi kwenye mzigo mkubwa hata kidogo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Unakaa nayo mkononi, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ya miliampia 20,000, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, ni kama wati-saa 74, kwa hiyo unapita.

Ukiyatazama masharti haya moja moja, unaona kila moja ni kovu la jaribio lililopita. Desemba 2001 mtu mmoja, Richard Reid, alijaribu kulipua ndege kwa bomu lililofichwa kwenye kiatu. Marekani ikawavua watu viatu, na haikuacha kuwavua mpaka Julai 2025. Karibu miaka ishirini, mamilioni ya soksi sakafuni. Sharti huingia kwa usiku mmoja na hutoka kwa shida, kwani hakuna ofisa anayetaka kuwa yule aliyelifuta siku moja kabla ya balaa. Hatua ninayoiona kuwa bora kupita zote baada ya Septemba 2001 ni mlango ulioimarishwa wa chumba cha rubani. Hauchungulii begi la mtu, haumpapasi bibi wa mtu, na unamlinda kila aliyemo. Hata huo una gharama yake: Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings alimfungia nahodha wake nje kwa mlango huo huo, akaiangusha ndege kwenye milima ya Ufaransa na watu 150.

Jambo lililonifanya niandike haya ni lile lililompata mamangu. Ilikuwa kwenye uwanja mmoja tuliobadilishia ndege, mbali na hapa, na sitautaja. Fremu iliita. Askari mwanamume akamwonyesha kwa kidole avue nikabu, pale pale, mbele ya foleni. Mama hakuelewa lugha yake. Alielewa kidole. Akabaki ameshika upindo wa buibui kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mlango usifunguliwe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mkanda, viatu mkononi, na niliporudi kumwendea nikazuiwa. Mwishowe akaja askari wa kike, akampeleka pembeni, yakaisha kwa dakika mbili. Dakika hizo mbili zingeweza kuja mwanzo. Mama hakusema neno mpaka tulipofika, na alipofika alisema hataki tena kupanda ndege.

Ilinichukua mwaka mzima kumrudisha, na nilimrudisha kwa kujifunza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na kinataja kwa jina kabisa kutopekuliwa mwili, nyumba au mali. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kupunguzwa kwa sheria, ila kwa kiasi kinachofaa na kwa sababu inayoeleweka. Kwa hiyo askari wa uwanjani ana haki ya kukukagua, nawe usipokubali hupandi. Lakini kukaguliwa na mwanamke mwenzako, ndani ya chumba au nyuma ya pazia, si fadhila ya mtu. Unaliomba kwa adabu, na unaliomba mapema, kabla fremu haijaita. Mimi husema hivi nikifika mbele: "Samahani dada, huyu ni mamangu, ana betri ya moyo na amejistiri. Naomba apekuliwe kwa mkono, faraghani, na mwanamke." Hapo Port Reitz sijawahi kukataliwa ombi hilo.

Kuhusu betri yenyewe: kupita kwenye fremu kwa mwendo wa kawaida hakuidhuru, ila mtu asisimame humo wala kuegemea. Kile kijiti cha mkononi cha kutambua chuma kisishikiliwe juu ya kifua. Kadi ya kifaa iliyotolewa hospitalini iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililokwisha kuingia kwenye mashine.

Na kuna funzo moja nalipenda sana. Marekani iliwahi kuweka mashine za eksirei zilizoonyesha umbo la mtu kama yuko uchi. Watu walipiga kelele, bunge lao likataka zirekebishwe zionyeshe mchoro wa mtu tu, wenye alama mahali pa kukaguliwa. Kampuni iliyozitengeneza ikashindwa kufanya hivyo kwa wakati, na mwaka 2013 zikaondolewa. Mashine nyingine zenye mchoro zikabaki, na kitu kilichofichwa chini ya nguo bado zinakiona. Anayekuambia lazima uchague kati ya heshima yako na usalama wako hajajaribu vya kutosha.

Treni, Miritini

Madaraka Express ilianza safari mwishoni mwa Mei 2017, na siku za mwanzo wengi tulikwenda Miritini, kwenye stesheni yake ya Mombasa, kuitazama tu. Express huchukua kama saa tano mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi. Ile inayosimama njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na kwingineko, huchukua zaidi. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 hadi shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500.

Ukaguzi wa stesheni una sura yake. Mnapanga mabegi chini kwenye mstari, mnarudi nyuma, na mbwa anapitishwa. Ananusa moja baada ya jingine, mkia ukicheza, na watu wote kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kisha mabegi yanakwenda kwenye mashine, unapapaswa, kitambulisho kinalinganishwa na tiketi. Fika saa moja kabla, na zaidi ya hapo wakati wa Krismasi au Idi.

Kwa Waislamu wa Pwani, ambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, mbwa si jambo dogo. Mate yake ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Mara ya kwanza mamangu kuona pua ya mbwa karibu na begi lenye msala wake, alitaka turudi nyumbani. Tulimuuliza ustadhi wa mtaani kwetu, akatueleza kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, na kwamba pua kupita hewani juu ya begi si kitu. Tangu hapo mama hubeba begi gumu la kufutika, na nguo za swala huziviringisha kwenye leso ndani kabisa.

Nami nimebadili mawazo kuhusu mbwa yule. Katika ukaguzi wote nilioupitia, yeye ndiye pekee asiyemgusa mtu, asiyemtazama mtu usoni, asiyeuliza jina wala kwao ni wapi. Na hutofautisha kitu ambacho mashine ya rangi ya chungwa haiwezi kutofautisha, kati ya halwa na baruti. Kama ningepewa uchaguzi kati ya pua yake na mkono wa mtu mwenye haraka, ningechukua pua.

Faida nyingine ya treni ni chakula. Maji yako, chapati zako, chupa ya chai, hata achari, unakaa navyo behewani. Lakini angalia hili: ndege ina tumbo la mizigo, kwa hiyo kisu kinachokatazwa juu kinaweza kusafiri chini. Kwenye treni begi lako liko juu ya kichwa chako, na kilichokatazwa kimekatazwa kabisa. Mpwa wangu aliligundua hilo akiwa na mbuzi ya kukunia nazi aliyoagizwa na mama wa rafiki yake. Kibao chake kilikuwa kimekunjwa vizuri kwenye gazeti, lakini ulimi wa chuma wenye meno ulionekana kwenye mashine wazi kabisa, buluu tupu. Hakukuwa na mabishano. Nilikuwa nimemsindikiza, nikarudi nayo nyumbani, na wiki iliyofuata ikapanda basi kama kifurushi.

Kinachonisumbua Miritini ni foleni ya nje siku za msongamano. Tarehe 22 Machi 2016, washambuliaji wa uwanja wa Zaventem, Brussels, hawakujaribu kupita kwenye ukaguzi. Walijilipua kwenye ukumbi wa kaunta, penye watu waliokuwa bado hawajakaguliwa. Watu mia tatu wanaosubiri mbele ya lango moja ni hatari iliyotengenezwa na lango lenyewe. Kwa hiyo abiria anapolalamika kwamba foleni ni ndefu, asionekane mdekezi. Kuongeza mashine ya pili na kuita askari wawili zaidi asubuhi ya Idi ni kazi ya usalama kamili, na hapo raha ya abiria na ulinzi wake vinakuwa upande mmoja.

Basi

Basi ndilo lenye uhuru mwingi. Unakata tiketi Mwembe Tayari au Buxton, unapanda, mzigo unaingia buti. Wakati mwingine kuna kijana mwenye kijiti cha kutambua chuma mlangoni, anakipitisha mgongoni mwa mtu huku anaongea na mwingine. Unashuka unapotaka. Unabeba unachotaka: samaki wa kukaanga, madafu, mbuzi ya nazi. Kwangu mimi mwenye wateja Voi, hakuna kinacholingana nalo.

Si kwamba basi halijawahi kulengwa. Mei 2014 guruneti lilirushiwa abiria pale pale Mwembe Tayari na watu wakafa. Novemba mwaka huo basi la Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa. Desemba 2015, njia hiyo hiyo ya Mandera, wavamizi walipowataka abiria wajitenge, Waislamu kwa Wakristo, abiria walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016. Mashine gani ingefanya walichofanya abiria wale?

Lakini hatari kubwa ya basi haina baruti. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na njia ya Mombasa, na malori yake ya kontena usiku kucha, inachangia sehemu yake. Hapa ndipo mizani yangu inapolikataa basi. Hakuna anayemkagua dereva kama amelala. Kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kwa muda tuliona tofauti kwa macho yetu. Mwaka mmoja nilikuwa kiti cha nyuma ya dereva, saa tisa usiku, mahali fulani baada ya Mackinnon Road. Kwenye kioo niliona kope zake zikishuka, zikipanda, zikishuka. Nikaanza kumsemesha. Nikamuuliza watoto wangapi, wanasoma wapi, anashabikia timu gani, mpaka Mtito Andei. Kampuni siitaji. Tangu usiku huo sipandi basi la usiku, na nikipanda la mchana nakaa mbele na nafunga mkanda, hata makanga akinicheka.

Kuna pia vizuizi vya polisi. Njia ya Nairobi ni nafuu. Anayekwenda Lamu ndiye ajuaye: kushuka na kitambulisho mkononi, kupanga mstari, kutazamwa usoni, kupanda tena, na mbele kidogo kurudia.

Kitambulisho chenyewe ni lango kabla ya malango yote. Ndege na treni havimchukui mtu mzima asiye nacho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, waliishi vizazi kadhaa bila kutambuliwa kuwa raia, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakaipata. Nikisikia mtu akisema "si uonyeshe tu kitambulisho, shida iko wapi," nawakumbuka wale.

Kwa hiyo upande nini

Kama msafiri wako ni mzee, mgonjwa au mama aliyejistiri, mimi nasema ndege, ingawa ndiyo yenye upekuzi mwingi. Upekuzi wake una utaratibu: kuna askari wa kike, kuna pa faragha, kuna kiti cha magurudumu ukikiomba wakati wa kukata tiketi, na kuna mtu wa kulalamikiwa. Mguso wenye utaratibu anauvumilia vizuri zaidi kuliko saa tano za treni na mwendo mrefu wa stesheni, na kwa basi la usiku sithubutu kabisa kumkabidhi. Chagua ndege ya katikati ya asubuhi, siku isiyo Ijumaa wala Jumapili, na usifike kwa dakika za kubahatisha. Mtu mwenye haraka ndiye anayepoteza heshima yake langoni, kwa sababu hana muda wa kuidai.

Mwanafunzi, familia yenye watoto, mtu mwenye vyakula: treni ya mchana. Bei inabebeka, choo kipo, watoto wanatembea, na ajali zake hazilingani na za barabara. Acha visu nyumbani.

Basi lichukue kama una shughuli za njiani au mzigo usiokubalika kwingine, na lichukue mchana tu. Hili la usiku sina mjadala nalo.

Safari yetu inayofuata ni Jumatano ijayo. Mama ameshatoa kadi ya betri akaiweka kwenye kipochi cha mkononi, karibu na tasbihi. Achari ya daktari, maana huwa haendi mikono mitupu, tumempa mpwa aipeleke kwa treni ya Jumanne. Halwa atakaa nayo mwenyewe mapajani. Jana usiku alinifanya nirudie mara mbili yale maneno ya kumwambia askari wa kike, kisha akasema safari hii atayasema yeye.